Banda la uani na bei ya nyumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yale yanayorudi kila mtu anapoanza kuhesabu tofali za uani: majirani, ndugu, wenzangu wa kikoba, na walioko nje wanaotuma hela za ujenzi. Majibu yanaihusu Dar es Salaam, na mengi yanafaa pia Mwanza, Arusha au Dodoma. Neno "kodi" kwetu linabeba mizigo miwili, ya serikali na ya mwenye nyumba, kwa hiyo humu ndani "pango" ni analolipa mpangaji, na "kodi" ni inayokwenda serikalini. Na nasema banda la uani, sisemi nyumba ndogo, maana mjini hapa nyumba ndogo ni kitu kingine kabisa, na hicho hakijawahi kumwongezea mtu thamani.

## Mambo ya msingi

Nikijenga banda la kupangisha uani, nyumba yangu inapanda thamani?

Mara nyingi inapanda, ila si kwa sababu ya tofali. Mnunuzi hakulipi saruji uliyomwaga. Analipa pango ambalo banda linaingiza, usalama wa karatasi zako, na uhakika kwamba ataishi pale bila kugongana na mpangaji kwenye mlango wa choo. Kimoja kikikosekana, banda linabaki kuwa vyumba tu, na kuna mnunuzi atakayekuuliza kulibomoa kutagharimu kiasi gani.

Kwanza jua nani ananunua nyumba mtaani kwako. Tabata, Sinza, Kimara, Mbagala, watu wengi wanatafuta nyumba yenye kitu cha kuingiza, hata kama wao wenyewe wataishi humo. Dalali anaanza na sentensi hiyo kabla hujashuka kwenye bajaji: "Hii kwa mwezi inaingiza laki tatu." Mtaa wa nyumba kubwa za familia, zenye maua na nafasi ya magari matatu, sentensi hiyo hiyo inaweza kumfukuza mteja. Anaona uwanja uliokatwa nusu na watu asiowajua wakianika nguo mbele ya dirisha la sebule yake.

Sehemu ya kupangisha "inayojitegemea" ni ipi?

Ni ile ambayo mpangaji anaweza kuishi mwaka mzima bila kukuomba chochote. Ana choo na bafu lake, pa kupikia, umeme unaohesabiwa peke yake, maji yake, na njia ya kuingia isiyopita sebuleni kwako wala chini ya dirisha la chumba chako. Kwa lugha ya madalali ni "chumba masta na jiko" au "chumba, sebule, jiko na choo ndani". Chumba ambacho mpangaji wake anatumia choo cha uani pamoja na familia yako kinaingiza hela, sawa, lakini hakijitegemei, na kwenye bei ya kuuza hakihesabiwi kwa uzito ule ule.

Jambo hili ni jipya?

Hata kidogo. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala na Magomeni ilijengwa hivyo tangu mwanzo: korido katikati, vyumba huku na huku, nyuma uani kuna jiko, stoo na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Kilichobadilika ni mpangaji. Yule wa zamani alikubali kupanga foleni ya bafu saa kumi na moja alfajiri. Wa leo anauliza choo kiko ndani au nje kabla hajauliza bei.

Wazee wengine wanakumbuka jambo la pili. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, ambayo mwenyewe hakuwa akiyakalia yote. Mzee wako akisita kila unapotaja wapangaji wengi, huenda anazungumza kutokea huko.

Mbona mthamini na dalali wananipa bei mbili tofauti?

Kwa sababu wanajibu maswali mawili. Mthamini aliyesajiliwa (kazi yake inaongozwa na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016) anatazama nyumba zinazofanana zilizouzwa karibu, gharama ya kujenga jengo kama hilo leo ukitoa uchakavu, na pango linaloingia. Ripoti yake huwa na thamani ya soko na pia thamani ya mauzo ya haraka, ile ambayo benki inaiangalia zaidi. Dalali anataja bei anayodhani mtu mmoja anaweza kuitoa mwezi huu, akiwa ameshaongeza chake.

Ukitaka kujua banda limeongeza nini hasa, usiulize bei ya nyumba nzima. Muulize mthamini akutenganishie: kiwanja, nyumba kubwa, banda. Hapo ndipo watu wanaposhtuka, maana kiwanja huwa kimebeba sehemu kubwa kuliko walivyodhani.

## Hesabu

Nikitumia milioni 24, zinarudi baada ya muda gani?

Tuchukue mfano, na wewe uweke tarakimu zako. Umejenga sehemu mbili za chumba masta na jiko kwa jumla ya milioni 24. Kila moja inapangishwa 150,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi hiyo ni milioni 3.6 kwa mwaka.

Sasa toa. Kila sehemu ikae tupu mwezi mmoja kwa mwaka, unabaki na milioni 3.3. Toa kodi ya asilimia 10, unabaki na 2,970,000. Toa rangi, koki, kitasa, gari la kunyonya maji taka, tuseme 250,000. Unabaki na 2,720,000. Gawanya milioni 24 kwa hiyo, unapata karibu miaka tisa. Anayekwambia hela inarudi kwa miaka mitano huwa hajahesabu mwezi tupu, wala hajahesabu kodi, na mara nyingi hajahesabu choo.

Miaka tisa si mibaya kwa kitu kitakachosimama miaka 40. Lakini kabla ya kuchimba msingi, linganisha na kuiweka hela hiyo hiyo kwenye hati fungani za serikali, ambazo hazina mpangaji wa kukupigia simu usiku kwamba maji yanarudi chooni.

Kwa hiyo nikitumia milioni 24, bei ya nyumba inapanda milioni 24?

Si lazima. Mnunuzi anayetafuta pa kuingiza anafikiri kinyumenyume: anachukua pango halisi la mwaka, anajiuliza yuko tayari kungoja miaka mingapi, anazidisha. Kwa mfano wa hapo juu, anayekubali miaka kumi anaona milioni 27. Anayetaka saba anaona milioni 19. Banda lako ni lile lile.

Kwa hiyo faida kubwa ya banda huwa kwenye pango la miaka unayokaa nalo. Unayepanga kuuza mwakani, acha. Utauza jengo jipya kwa bei ya ubishi, na miezi sita ya vumbi la ujenzi hakuna atakayekulipa. Unayepanga kukaa miaka kumi, jenga, na bei ya kuuza uihesabu kama nyongeza.

Bora vyumba sita vidogo au sehemu mbili nzuri?

Kwa pango la mwezi, vyumba sita vya choo cha pamoja vinaweza kushinda. Sita kwa 60,000 ni 360,000, mbili kwa 150,000 ni 300,000. Ila hesabu watu. Vyumba sita ni watu kumi au kumi na wanne, ndoo kumi za maji asubuhi, shimo linalojaa kabla ya wakati, na kesi za nani hajafagia. Wapangaji wanahama haraka, na kila anayehama anaacha ukuta wa kupaka rangi.

Kwenye kuuza tofauti ni kubwa zaidi. Sehemu mbili zinazojitegemea anaweza kuzinunua mwenye familia, mstaafu, au mtu anayetaka kumweka mama yake karibu. Vyumba sita vya choo cha pamoja vitanunuliwa na mfanyabiashara wa vyumba tu, naye anajua kupunguza bei. Mimi ningejenga mbili. Ukiwa karibu na chuo, kama Changanyikeni au upande wa Survey, ambako wanafunzi wanatafuta kitanda kila muhula, hoja yangu inapungua nguvu.

Na fremu za duka mbele ya nyumba?

Fremu ni hesabu nyingine. Barabarani inaingiza vizuri, lakini inageuza matumizi ya kiwanja. Hati iliyoandikwa makazi si hati ya makazi na biashara, na kubadilisha matumizi kunapitia mipango miji na kunagusa hata kiwango cha kodi ya ardhi unachodaiwa na serikali. Pia fremu inaziba sura ya nyumba. Kama barabara yako ina watu wa kupita, fremu mbili zinaweza kushinda banda zima. Kama haina, utapangisha stoo ya kreti za soda.

Nikope benki nijenge?

Weka pango halisi karibu na rejesho kabla ya kusaini. Milioni 20 kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka mitano ni rejesho la kama 486,000 kwa mwezi. Banda la mfano wetu linakubakishia kama 227,000. Tofauti hiyo inatoka kwenye mshahara wako kila mwezi kwa miaka mitano, na nyumba unayolala ndiyo dhamana. Mkopo wa muda mrefu unapunguza rejesho na kuongeza jumla ya riba.

Wengi hujenga kwa awamu: msingi mwaka huu, kuta mwakani, kupaua hela ikipatikana. Njia hiyo haina riba, ila ina hasara yake. Kuta zilizokaa mvua mbili bila bati zinakula plasta, na nondo zilizoachwa nje zinashika kutu. Kama ni awamu, bora sehemu moja iishe na ianze kuingiza kuliko mbili zilizoishia kwenye lenta.

## Mlango, umeme, maji na choo

Umeme: mita moja au mbili?

Mbili. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka wa kwanza wa banda langu tulitumia mita moja ya LUKU, makubaliano yakiwa kuchangia nusu kwa nusu. Jumapili moja saa tatu usiku mita ilikuwa inasoma uniti 3.2, na kupitia dirisha la banda naona mpangaji anapiga pasi mashati ya wiki nzima, matano yametundikwa kwenye pazia, la sita liko mezani. Hakufanya kosa lolote, ile ni haki yake. Lakini tangu usiku ule nikawa mtu wa kuhesabu pasi ya mwenzangu, na yeye akawa mtu wa kuhesabu friji yangu. Tukaachana vibaya.

Ukiomba TANESCO mita ya pili inayojitegemea, mnunuzi anaiona ukutani na anaelewa mara moja. Ukishindwa, nunua mita ndogo ya kuhesabia, fundi aifunge kati ya mita kubwa na banda, na kila mmoja alipe alichotumia. Hiyo inatuliza ugomvi, ila bei haiipandishi kama mita kamili.

Angalia pia makato. Kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, na mita ya pili inaweza kuleta makato ya pili. Soma swali la kodi hapo chini.

Choo na maji vina uzito gani kwenye bei?

Kuliko vigae, kuliko dari ya jipsamu, kuliko dirisha la aluminiamu. Niliwahi kumsindikiza ndugu yangu kuonyesha nyumba. Mteja mmoja, mama wa makamo aliyekuja na kanga mabegani, hakuingia hata sebuleni. Alikwenda moja kwa moja uani, akamwomba kijana amfunulie mfuniko wa chemba, akachungulia, akauliza: "Shimo hili lilichimbwa kwa watu wangapi?" Hatukuwa na jibu. Shimo lilichimbwa kwa nyumba kubwa, kisha banda likaunganishwa humo humo. Alishusha bei pale pale, na alikuwa na haki.

Chimba shimo la banda peke yake, au panua la zamani kabla hujamwaga sakafu, maana baadaye utavunja vigae. Hakikisha gari la kunyonya linaweza kufika au bomba lake linafika. Kwa maji, weka tangi la banda peke yake, hata kama chanzo ni kimoja. Kama una kisima, pampu itumie umeme wa mita yako na gharama uiingize kwenye pango. Ukitaka kuigawanya kila mwezi, utarudi kulekule kwenye pasi.

Lazima geti la pili?

Si lazima, ila njia ya pili ni muhimu. Kiwanja cha kona kinaruhusu mlango mdogo upande wa barabara ya pili, na hapo banda linakuwa kama nyumba nyingine kabisa. Kiwanja cha katikati, tenga kijia pembeni ya nyumba kubwa na uinue ukuta mwembamba kwenye usawa wa madirisha. Jaribu hivi: tembea kutoka getini hadi mlango wa banda usiku, na mwenzako akae sebuleni taa zikiwaka. Ukimwona anachokula, mpangaji atakiona, na mnunuzi atakiona pia.

Acha nafasi ya gari. Banda lililokula maegesho limekula bei.

Nina kota ya mfanyakazi, naweza kuigeuza?

Ndiyo, na mara nyingi hii ndiyo hela inayorudi haraka kuliko zote. Kuta, bati na msingi vipo tayari, kinachobaki ni choo cha ndani, sinki la jikoni, mita na njia. Angalia urefu wa dari na dirisha. Kota nyingi za zamani zina dirisha moja dogo linalotazama ukuta, na kwa joto la Januari hakuna mpangaji atakayekaa humo zaidi ya miezi mitatu. Vunja ukuta mmoja, weka dirisha upande wa pili hewa ipite.

## Karatasi na kodi

Kibali cha ujenzi kinahitajika hata kwa banda?

Kinahitajika kwa jengo jipya, na kinatolewa na halmashauri yako, yaani manispaa au jiji. Najua ulivyoona mtaani: watu wanajenga, bwana mipango anapita, maisha yanaendelea. Lakini kibali kinakuja kudaiwa siku mbili, ukienda benki na ukiuza kwa mtu mwenye mwanasheria. Siku hizo jengo lisilokuwamo kwenye ramani linageuka kuwa hoja ya kushusha bei.

Kibali pia kinakulazimisha kujua umbali wa kuacha kutoka mpaka wa jirani. Banda lililoegemea ukuta wa jirani, maji ya bati yakimwagikia kwake, linauzwa pamoja na kesi yake.

Sina hati, nina leseni ya makazi au karatasi za serikali ya mtaa. Nijenge?

Watu wengi wa jiji hili wanaishi hivyo, na wanapangisha, na wanauza. Kwa pango haina shida: mpangaji hajawahi kuomba kuona hati. Kwa bei ya kuuza ni shida kubwa. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi, si kama hati miliki ya miaka 33, 66 au 99, na karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mtaa ni ushahidi wa mauziano, si umilikishwaji.

Ushauri wangu hauwafurahishi mafundi: kama una milioni 24 na huna hati, chukua sehemu ya hela hiyo ushughulikie upimaji na hati kwanza, hasa kama mtaa wenu uko kwenye urasimishaji, yaani kupimwa na kumilikishwa kwa makazi yaliyojengwa bila kupimwa. Hati inapandisha bei ya kiwanja chote, na kiwanja ndicho chenye bei kubwa. Banda litangoja mwaka.

Kodi zipi zinanihusu?

Tatu, ukiacha ile ya ardhi niliyoitaja kwenye fremu. Ya kwanza ni kodi ya majengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na tangu 2023 kiwango ni shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, yaani 1,500 kwa mwezi. Kwa ghorofa mjini ni 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu. Jengo moja likiwa na mita mbili halipaswi kukatwa mara mbili. Ukiona makato pande zote, nenda TRA na namba za mita warekebishe. Na kodi hii ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme kwa mita yake anakulipia, kwa hiyo mrudishie kwenye pango kabla hajakuuliza.

Ya pili ni kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango. Kisheria mpangaji ndiye anayekata na kuipeleka TRA, wewe unapokea kilichobaki. Mitaani wengi hawafanyi hivyo. Lakini ukitaka mnunuzi au benki waamini kwamba banda linaingiza laki tatu, risiti za kodi ndio ushahidi usiobishiwa. Daftari lako la kaunta lenye majina ya wapangaji halifiki mbali.

Ya tatu inakuja ukiuza: asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Faida ni bei ya kuuza ukitoa gharama, na gharama za banda ni sehemu yake. Tunza risiti za saruji, nondo, bati na malipo ya fundi. Bahasha moja ya risiti zilizofifia inaweza kukuokolea kodi ya mamilioni, kwa hiyo zipige picha kabla hazijafutika.

## Kuuza, na hali zisizo za kawaida

Niuze wapangaji wakiwemo au niwaondoe kwanza?

Inategemea mnunuzi, tumesema mwanzoni. Anayetafuta pa kuingiza anataka wawepo, na awaone, ikiwezekana na mikataba ya maandishi. Anayetaka pa kuishi anataka funguo. Mikataba ya miezi sita sita inakusaidia hapa, kwa sababu hutasubiri muda mrefu.

Jambo moja watu wanalisahau: pango la mbele. Ulishapokea miezi sita mwezi wa tatu, unauza mwezi wa tano, miezi iliyobaki ni ya nani? Iandikeni kwenye mkataba wa mauziano na ikatwe kwenye bei. Usimwache mpangaji alipe mara mbili kwa sababu ninyi wawili hamkuongea.

Mwenzangu wa ndoa lazima asaini?

Kama ni nyumba ya ndoa, ndiyo. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakiruhusu uiuze wala uiweke rehani bila ridhaa yake, hata kama jina kwenye hati ni lako peke yako. Banda la uani liko ndani ya kiwanja hicho hicho.

Naweza kuuza banda peke yake, nyumba kubwa nikabaki nayo?

Kuna njia mbili, na zote ndefu. Kugawa kiwanja, ambako kunahitaji idhini ya mipango miji na ukubwa unaoruhusiwa kwa kila kipande, au umiliki wa sehemu ya jengo chini ya sheria ya mwaka 2008, ambayo ilitungwa ikilenga majengo ya ghorofa zaidi. Kwa kiwanja cha kawaida cha mjini, njia ya kwanza mara nyingi inakwama kwenye ukubwa. Kumwandikia mtu karatasi ya serikali ya mtaa kwamba umemuuzia "banda la nyuma" ni kumuuzia mgogoro, na wewe utaishi nao ukuta kwa ukuta.

Nilijenga banda kwenye kiwanja cha baba kwa hela zangu. Ni langu?

Swali hili linakuja zaidi kutoka kwa walioko nje. Ulituma hela miaka mitatu, mdogo wako alisimamia, banda limesimama, wapangaji wanalipa. Baba akiondoka, msimamizi wa mirathi anaona kiwanja kimoja chenye jina la marehemu na kila kilichomo juu yake. Ndugu zako watakumbuka kwamba ulituma hela. Watasahau kiasi.

Kama baba yuko hai, kaeni chini leo: maandishi, mashahidi, mwanasheria, yakieleza banda ni la nani, pango linakwenda kwa nani, na siku ya kuuza unarudishiwa nini. Si kumdharau mzee, na wazee wengi wakiambiwa kwa heshima wanakubali. Kama ameshatangulia, usianze na madai ya umiliki, anza na risiti: benki, simu, saruji. Familia nyingi zinakubali kumrudishia mtu gharama kwanza kisha kugawana kilichobaki.

Eneo langu linaweza kupitiwa na barabara. Bado nijenge?

Kama ni ndani ya hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lililotengewa barabara, usijenge. Mwaka 2017 nyumba za Kimara kuelekea Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na nyingine zilikuwa za miaka mingi, zimepakwa rangi, zina wapangaji. Nenda TANROADS au halmashauri uulize mstari unapita wapi kabla ya kuagiza tripu ya mchanga. Mabonde vivyo hivyo: pango la bonde la Msimbazi ni la bei rahisi kwa sababu inayojulikana kila masika.

Kama uko nje ya hifadhi na ardhi inatwaliwa kwa mradi, fidia inagusa zaidi ya jengo. Kanuni za mwaka 2001 zina posho ya makazi inayohesabiwa kwa pango la soko la miezi 36, na fidia ya kupoteza faida inayohesabiwa kwa faida halisi ya mwezi mara 36. Faida hiyo mthamini ataitaka kwa ushahidi. Hapo mikataba ya wapangaji na zile risiti za TRA zinatoka kwenye bahasha, na jirani yako aliyepokea pango mkononi kwa miaka kumi anabaki kusimulia.